Mama Rudia Anaondoka Kwenye Hadubini

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika benki yetu ya damu, Mama Rudia anastaafu. Tumechoka sote, tusidanganyane, lakini yeye ametutangulia kuchoka.

Jina hilo alibandikwa na madereva wa gari la wagonjwa. Kwetu huku mtu huja kuchangia damu akiwa mzima, anacheka, kumbe amebeba vimelea vya malaria. Mtoto aliyeishiwa damu akiongezewa hiyo, umemtibu kwa ugonjwa. Ndiyo maana Mama aliweka sheria yake: kila slaidi, kile kioo chenye tone la damu ya mchangiaji, isomwe kwenye hadubini na watu wawili, na wa pili asiambiwe wa kwanza ameona nini. Dereva apige honi, wodi wapige simu, yeye ni rudia tu. Mumewe anaapa kwamba hata chumvi ya mboga huonjwa mara mbili.

Mashine ya kutupunguzia kazi ililetwa, ikaharibika, fundi akaondoka nayo. Mpaka leo. Tukarudi kwenye viti vyetu vilivyopasuka, shingo zikituuma, macho yakitoka machozi.

Mwezi uliopita muuguzi wa wodi ya watoto alikuja mwenyewe kusubiri mfuko mmoja. Mama akaisoma slaidi yake, akainuka kimya. Nikakaa mimi, nikitamani tu kumaliza. Nikaviona vimelea. Nikamuuliza amepata nini, akasema ni safi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nikasema tu, "Mama, rudia."

Aliinama muda mrefu, akabadilisha miwani, hakuona kitu. Mfuko ukawekwa kando, mtoto akapewa mwingine, na sasa yuko kwao. Kesho yake Mama akaomba kustaafu kabla ya wakati. Tulimbembeleza, tukanuna, wapi! Alisema macho yamekwisha ila sheria inafanya kazi, na hilo linamtosha. Haya nayaandika kwa amri yake. Nikiyaficha, ameahidi kurudi kunisumbua.

Asante sana, Mama. Kapumzishe macho hayo, uzee wako uwe wa raha, na mzee wetu ale mboga ingali moto.

Kiti chako nimepewa mimi. Cha pili bado hakina mtu, na bosi ameshaniuliza kama siwezi kusoma peke yangu kwa muda. Nimemwambia siwezi.