Kasimiri wa Nyavu na Ndoana, na Duka Alilotuachia Tuligombee

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na Martina, dada wa marehemu, baada ya wanaume wa ukoo kuvutana mpaka wakachoka juu ya nani auandike. Msijifanye hamjui walichokuwa wanavutania. Ni duka. Upande mmoja yupo Editha, binti wa marehemu. Upande wa pili yupo Elia, mpwa wake, mtoto wa Martina mwenyewe. Wanaonong'ona kule nyuma wanyamaze, yote yatasemwa hapa.

Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 hapa Matombo, akabatizwa misheni. Alikuwa kitinda mimba, na Martina ndiye aliyembeba mgongoni. Shule ya msingi alisoma hapahapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Darasani hakuwa mbaya, ila mvua ikinyesha usiku, walimu walijua asubuhi wamfuate mtoni kwenye kambare.

Mwaka 1977 alishuka Morogoro mjini kwa mjomba wetu Fransisko, aliyekuwa na kibanda cha nyavu. Fransisko alipofariki mwaka 1986, ukoo ulifuata mila yetu Waluguru, mali ikaenda upande wa mama. Kibanda akapewa Kasimiri, mpwa. Mjane na watoto wa Fransisko wakapakia vyombo vyao kwenye mkokoteni, wakaondoka. Kasimiri alisimama mlangoni akiwatazama. Alikuwa kijana, akanyamaza, na jambo lile lilimtafuna maisha yake yote.

Kibanda hicho alikikuza kuwa duka mnalolijua, jirani na Msamvu. Jamani, lile duka! Ndoana zimepangwa kwa ukubwa, kuanzia ya perege mpaka ya kambare mzee. Mishipi ya kila unene, nyavu zenye matundu halali tu, maboya, mabuti ya mpira, tochi za kichwani, na kengele za mbwa kwa wenye kibali cha kuwinda nguruwe pori wanaotumalizia mahindi huku mlimani. Wavuvi wa Mindu walikuja, wakulima wa Dakawa walikuja, hata wahadhiri wa Mzumbe, wakawa wanashikashika vitu kama watoto. Jirani yetu wa kule mjini, Anastasia, yupo hapa, atasema kama ni uongo. Alimtuma mumewe chumvi, jua likapanda, akamfuata dukani amefura, akamkuta kavaa tochi kichwani mchana kweupe.

"Nyumbani hakuna chumvi, wewe hapa unamulika nini?"

Kasimiri alimsogezea Anastasia mabuti ajaribu. Mama wa watu akaondoka nayo miguuni, na chumvi hakuna aliyeikumbuka.

Tarehe 14 Oktoba 1989 Kasimiri alifunga ndoa na Catherine, wakajaliwa mtoto mmoja, Editha, mwaka 1993. Editha amekulia nyuma ya kaunta, na miaka ya karibuni ndiye aliyeliendesha duka. Elia naye tusimvunjie heshima. Alibeba mizigo ya mjomba wake tangu akiwa kijana, na tangu utotoni ukoo ulimwambia, "Lile duka ni lako." Akaamini. Nani asingeamini?

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua marehemu, akawa mtu wa kwenda hospitali na kurudi. Mwezi Mei mwaka huu wa 2025 alilazwa, akamwita dada yake. Alimshika mkono kwa nguvu ambayo Martina hakudhani bado anayo.

"Dada, watoto wa mjomba niliwatoa mimi. Editha asitolewe."

Elia alikuwa amesimama upande wa miguuni. Akasema, "Mjomba anaweweseka." Hakuwa anaweweseka. Homa hakuwa nayo, na Martina bado hajawa kiziwi.

Kasimiri alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni. Jumanne asubuhi, mwili ukiwa bado mochwari, Editha alikwenda dukani kuchukua picha ya baba yake ya kuweka juu ya jeneza, akakuta kufuli jipya mlangoni na Elia kaketi kizingitini. Akampigia simu shangazi yake. Martina alifika mbio, kanga begani, akamwamuru mwanawe afungue.

"Mila ni mila, mama," Elia alimjibu. "Kwani mjomba mwenyewe alilipataje?"

Martina alikosa la kusema. Alirudi nyumbani akilia njia nzima, kwa uchungu na kwa aibu. Leo la kusema analo.

Mila yetu inapitisha mali kwa mama. Haya, tuifuate. Elia hana njia ya kulifikia lile duka ila kupitia kwa Martina aliyemzaa, na Martina, mbele ya Mungu na mbele ya ukoo wote, amekataa. Moyo unamuuma kusema hivyo, maana Elia ndiye mwanawe wa pekee, na huenda kuanzia leo asimsemeshe tena.

Marehemu ameacha mjane wake Catherine, binti yake Editha, dada yake Martina, na mpwa wake Elia, ambaye ufunguo anao mfukoni. Amkabidhi Editha sasa hivi, watu wote wakiona. Hatuna haraka, jeneza litasubiri. Ufunguo ukishafika mkononi mwa binti yake, tutamshusha Kasimiri, naye Bwana ampe pumziko lenye amani.