Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, fundi cherehani tuliyezoea kumwita Bila Futi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mwalimu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1982, na mama alikuwa akisema madaftari yake yalijaa michoro ya kola kuliko hesabu.

Tarehe 6 Mei 1991 alifungua chumba chake cha ushonaji, mlango wa pili kutoka kona ya soko, na jina alilipata hapo, maana hakuhitaji futi ya kupimia, aliweza kumtazama bwana harusi akivuka barabara na kumwambia kiuno kimeongezeka inchi mbili tangu alipoposa, bwana harusi akabisha weee, mpaka suruali ikagoma kufunga.

Tarehe 23 Aprili 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1996 na 2001.

Tarehe 9 Juni 2011, akitundika kibao cha duka, ngazi iliteleza, akaangukia kisogo kwenye kizingiti cha saruji, akalala siku kumi na tisa bila fahamu, na aliporudi nyumbani akitembea na kutania wageni, sote tulisema amepona, kumbe kilichopona ni ngozi. Mtu yule mpole akawa anafoka vijiko vikigongana, akienda kununua vifungo anasimama njiani hajui alichofuata, na shemeji alipombandikia ukutani orodha ya vaa shati, meza dawa, funga mlango, aliikodolea macho mpaka adhuhuri asijue aanzie wapi.

Mwaka 2014 mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea, alimpelekea kitambaa cha koti la harusi yake mwenyewe ili kumtia moyo, bila kumuuliza daktari wala shemeji, naye kaka akapima kwa futi mara nne, akaandika, akafuta, akakata kutwa nzima, akatoa mikono miwili, yote ya kushoto. Aliiona kabla yetu, akaweka mkasi chini na hakuushika tena. Mdogo wake akasema si kitu kaka, akaenda kuoa na koti la kuazima, na marehemu akakaa safu ya mbele, macho kwenye mabega ya koti lile siku nzima, kwa maana jicho lake la fundi halikuguswa, na hilo ndilo lililomtesa.

Mwaka 2019 kilianza kifafa kilichotokana na jeraha lile, kikamchukua tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomrudisha nyumbani mara zisizo na idadi bila kumcheka, na mafundi wenzake waliotia mafuta cherehani yake kila mwezi, kana kwamba angerudi. Mkimwona msomaji ameshika karatasi kwa mkono mmoja, koti ni lile, mafundi hao walilishona jana vilevile lilivyokatwa, na mkono wa kulia hauji mbele. Vipande vilikaa sandukuni miaka kumi, kwa aibu yetu, si yake, maana yeye kila tulipomtembelea aliuliza koti langu umelivaa lini, tukabadilisha mazungumzo.

Kaka, nimelivaa leo. Nimechelewa. Pumzika kwa amani, Fundi.