Bi Hodi na Swali la Nani Bado Yupo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha tathmini anastaafu. Kwenye faili ana jina refu. Huku ofisini na mitaani anaitwa Bi Hodi, maana hakuna mwenzetu aliyebisha milango mingi kama yeye.

Aliingia idara ya makazi akiwa karani wa takwimu, manispaa ilipoanza mpango wa kunusuru mitaa iliyokuwa ikihamwa: madirisha yamevunjika, maduka yamefungwa, mifereji imeziba. Kazi yake ilikuwa kupima kama mpango ule unazaa matunda. Wengine walipima wakiwa ndani ya gari. Yeye alikwenda kwa miguu, hata mbwa wakamzoea na kumsindikiza. Fundi viatu wa pale getini humtania kwamba akistaafu, naye atafunga kibanda.

Mtaa wa kwanza kukamilika ndio aliokulia. Shangazi yake, fundi cherehani, alimlea hapo tangu mama yake alipofariki. Nyumba zilikarabatiwa, taa zikawekwa, wezi wakapungua. Ripoti ilisifiwa kila mahali, na Bi Hodi akapandishwa cheo. Shangazi alihama muda mfupi baadaye, akisema anafuata wateja pembezoni mwa mji.

Baada ya miaka miwili, Bi Hodi aliomba kurudi kwenye milango ileile. Wakubwa walimwambia kazi ile ilishafungwa. Akaenda hivyohivyo, siku zake za mapumziko. Karibu kila mlango ulifunguliwa na mtu asiyemjua. Kodi zilikuwa zimepanda, na wapangaji wa zamani walikuwa wametawanyika.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa shangazi yake. Alimkuta anashona mlangoni, kwa kuwa chumba hakikuwa na dirisha. Alimuuliza kwa nini alificha kwamba kodi ndiyo iliyomhamisha.

"Mwanangu, ningekwambiaje?" shangazi akajibu. "Kila mtu alikuwa anakupongeza."

Kwenye kikao kilichofuata Bi Hodi alisimama akaeleza kwamba nyumba zimenusurika, watu hawakunusurika. Wapo waliomnunia kwa muda mrefu. Hakurudi nyuma. Hatimaye manispaa ilikubali kwamba mwenye nyumba iliyokarabatiwa asipandishe kodi kiholela, na kila tathmini ikaanza na swali lake: kati ya waliokuwepo, nani bado yupo?

Katika mitaa mitatu iliyofuata, wengi bado wapo. Katika mmojawapo alimpatia shangazi chumba chenye dirisha kubwa. Shangazi akafariki wiki moja kabla ya kuhamia.

Chumba kile alipewa dobi na wanawe. Zamu ya tathmini ilipofika, tulitaka kumtuma mtu mwingine. Bi Hodi alikataa. Aliuliza maswali yote kama kawaida, akaandika majibu, kisha akaomba maji ya kunywa. Aliketi karibu na lile dirisha kwa muda, glasi mkononi, na dobi, ambaye hakujua lolote, akamwacha apumzike.

Bi Hodi, asante kwa kutufundisha kurudi kuangalia. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu na moyo uliotulia. Tunajua aliyestahili kukupokea nyumbani siku ya kustaafu hayupo. Lakini mitaani kuna watu ambao hawajahama, na wametuagiza tukwambie kwamba wanakukaribisha.