Kila Nikinusa, Bibo Moja

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupeleka malori Newala kufuata korosho, Mama Upendo alidandia moja pale Masasi, akaketi juu ya magunia matupu karibu na wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, Mwanasha, alikuwa mjamzito. Alinusa ugoro, akapiga chafya, kisha akang'ata bibo, lile tunda la mkorosho.

"Mwanangu, ugoro na tumbo hilo?" aliuliza mwenzake, bibi wa Kitangari.

"Usiogope, bibi. Muuza dawa wa dukani kaniambia mabibo yana vitamini, zinamkinga mtoto na sumu ya tumbaku. Kila nikinusa, nakula bibo moja."

"Kwa hiyo unamng'ata mtoto, halafu unampuliza kama panya!"

"Anapulizwa vizuri. Mabibo yamejaa shambani."

"Na msimu ukiisha? Utamwambia asubiri mwakani?"

Abiria wengine wakacheka. Mama Upendo hakucheka. Mimba ya Upendo aliibeba hivyohivyo, ugoro mkono huu, papai mkono ule, na nesi alimpima mtoto mara mbili kwa wepesi wake, akidhani mizani imekwama. Matunda ni mazuri, nani anakataa? Ila ugoro haukuyangoja, ulimfikia mtoto vilevile. Maneno hayo yalimfika mdomoni, akayameza kwa aibu.

Lori likasimama Kitangari. Bibi akashuka akisonya. Mwanasha akapapasa kikapu chake. Hakikuwa na bibo hata moja. Akatazama barabarani, hakuona muuzaji, akafungua pindo la khanga na kutoa kikopo cha ugoro.

"Nitakula mawili nikifika," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.