Kikohozi cha Wimbo wa Nne

Kijiwe chetu kipo Kurasini, mkabala na geti la yadi ya makontena. Benchi limepigiliwa kwa mbao za sakafu ya kontena bovu, kwa hiyo usije na suruali ya sikukuu, misumari yake haina adabu. Mie naitwa Komando, naendesha bodaboda, shule niliiacha mapema kabla haijaniharibu akili, na hapa duniani siogopi kitu. Ulizia. Usama ndiye anayemimina kahawa. Stephano tunamwita Profesa, maana hajawahi kusema “sijui” toka tumjue. Edgar ni Winchi: mpe jambo dogo, atalinyanyua mpaka shingo ikuume kulitazama. Wa mwisho Mbwana, huyo hatumtanii sana, kwa sababu mdogo wake, Khalfani, ndiye mwimbaji wa Kutu, bendi pekee ya hevi metali iliyozaliwa mtaani kwetu, magitaa yananguruma kama grinda inakata bati. Siku hiyo baada ya alasiri albamu yao ya pili ilikuwa ndo imetoka. Spika ya Usama iko katikati yetu, inaimba, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na raha.

PROFESA: Ile ya kwanza ilikuwa makelele. Hii ndo muziki. Dogo kakua.

WINCHI: Kakua nini? Ya kwanza walirekodi humohumo ndani ya kontena, Khalfani akapiga ukelele mpaka mjumbe akatoka mbio na kandambili moja. Hii ananong’ona. Mtu wa metali ananong’onaje?

MIE: Labda kapata mke mkali.

Tukacheka. Mbwana hakucheka.

MBWANA: Hana mke. Kahamia Bunju, kule mwisho wa mji, kapanga peke yake. Amejirekodi sauti chumbani, kawatumia wenzake, wao wakaweka magitaa baadaye.

PROFESA: Unaona? Usanii huo. Ya kwanza alikuwa anawapigia kelele watu wote. Hii anakuimbia wewe tu, sikioni.

MIE: Sikio langu mie halijaomba.

Ukaingia wimbo wa nne. Katikati magitaa yakakata, zikabaki pumzi. Mtu anavuta hewa, nyembamba, kama ananyonya kwa mrija ulioziba. Halafu kikohozi, kirefu, cha chini kabisa ya kifua. Halafu sauti ndogo inasema, “Tena.” Akaanza upya palepale alipoachia.

WINCHI: Hapo! Usama, rudisha.

MBWANA: Usirudishe.

Usama karudisha. Mie nikavuta kola ya jaketi juu. Upepo, nikajiambia, ingawa bendera ya pale getini ilikuwa imelala doro.

PROFESA: Hiyo efekti. Wanarekodi kikohozi, wanakipunguza spidi kwenye mashine.

MIE: Profesa, mashine pekee uliyowahi kuisogelea ni ya kusaga unga.

WINCHI: Efekti gani inatafuta hewa? Sikilizeni, wanangu. Hiyo sauti si ya Khalfani. Nyumba za pembeni kule unapangishwa na mtu, kumbe mwenye nyumba si mtu. Jini limekaa kooni, linajifunza kuimba. Ndo maana linarudia.

USAMA: Audhubillahi!

Kahawa ikafurika kikombe, ikamwagika mpaka kwenye kashata.

PROFESA: Jini halikohoi, Winchi.

WINCHI: Uliwahi kulipima?

PROFESA: Haya, basi niseme lile mnaloliogopa. Msanii akifa, wenzake wanakusanya sauti zake, mabaki mabaki, kompyuta inaunga, albamu inatoka. Nyie mnacheza, kumbe anayeimba ni marehemu.

Mbwana akaweka kikombe chini.

MBWANA: Profesa, mdogo wangu hajafa.

PROFESA: Sijasema yeye, braza. Nimesema wasanii.

MBWANA: Huwa ananitumia meseji.

MIE: Ya mwisho lini?

MBWANA: Kabla mvua hazijaanza. Alisema asije mtu, anatunga. Nikajua kaninunia, si unajua tulivyogombana kuhusu kuhama. Nikasema akimaliza albamu atarudi mwenyewe.

MIE: Na wenzake wa bendi?

MBWANA: Wanadhani mie naendaga kumwona.

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza, ukapita vibaya.

Sasa, kulikuwa na dada mmoja amesimama pembeni, abiria wangu, ametoka ofisi za forodha na mkoba wake, ananisubiri nimalize kikombe. Yeye Khalfani hata hamjui, metali haijui. Muda wote alikuwa kimya, anasikiliza ile spika tu.

DADA: Samahani, kaka zangu. Huyo anayeimba, si anaumwa?

Usama akaweka birika chini.

DADA: Yuko na nani huko?

Winchi akageuka kutazama makontena. Jini tulishalijadili, kompyuta tumeijadili, marehemu pia, lakini hilo neno “anaumwa” hakuna aliyekuwa amelitaja toka tukae. Wimbo ukaisha, na spika ikaruka yenyewe mpaka albamu ya kwanza. Khalfani akapiga ukelele, kifua kizima, kifua cha mtu anayebeba magunia na kurudi kubeba mengine. Usama akaizima kwa kiganja kama anaua mbu.

Mbwana akapiga simu, ameishikilia sikioni muda mrefu kuliko inavyohitajika.

MBWANA: Haipatikani.

Akapiga tena. Akaitoa sikioni, akasimama.

MBWANA: Komando, nipeleke Bunju.

MIE: Sasa hivi?

MBWANA: Mlango utagonga wewe. Mie sitaweza.

Dada akasema nendeni, yeye atachukua pikipiki nyingine. Nikasimama. Tuseme miguu ndo ilisimama, mie mwenyewe nilikuwa bado nimekaa. Nikapapasa mfuko wa jaketi, mifuko ya suruali, mpaka chini ya benchi nikainama kutafuta ufunguo wa pikipiki, Mbwana kasimama ananitazama.

DADA: Kaka, ufunguo umeushika mkononi.