Mpaka Mwenzako Akuguse Bega

Fungeni mlango, wanangu, mketi karibu, wewe mwanangu, mwenyekiti wa tawi, upande huu na wewe binti yangu, fundi umeme, upande ule, na maadamu pumzi ingali inanikubalia asinikatize mtu, kwa maana kesho asubuhi chama cha wafanyakazi kinapiga kura boila la kiwanda lizimwe au liendelee kuwaka, nami nimeletewa maneno yote mliyotupiana jana ukumbini mbele ya watu niliowalea kazini.

Wewe, binti yangu, ulisema, "Mwambieni kaka akalioe hilo boila, mahari nitamlipia mimi." Nawe, mwanangu, ukamjibu, "Huyu anataka wanangu washibe mwanga wa jua." Watu wakacheka. Meneja naye alicheka, kasimama nyuma mikono mfukoni, maana anajua kwamba chama kikigawanyika hatakuwa na wa kumuuliza: atalitumia boila mpaka lichakae, kisha awatoe walisha moto getini mikono mitupu.

Nimeulisha moto ule makaa ya mawe tangu sijaota ndevu. Mgomo wetu wa kwanza haukuwa wa mshahara. Wenye kiwanda walitaka mlango wa boila ushikwe na mtu mmoja. Tukalaza mabeleshi chini mpaka wakakubali wawe wawili, na tukajiwekea sharti letu wenyewe: huuachi mlango mpaka anayekupokea zamu akuguse bega. Hata uwe unaungua. Hata awe mtu mliyenuniana. Kipara, mlisha moto mwenzangu, alitusaliti katika mgomo ule, akaingia kazini tukimtazama, na tangu siku hiyo hatukusalimiana tena. Kinyongo hicho nazikwa nacho, msikirithi. Lakini kila zamu alinigusa bega, nami nikamgusa lake.

Sasa nasema. Moto ule uzimwe.

Usinikunjie uso, mwenyekiti. Moshi wetu na wa wenzetu wa kila nchi umeipandisha dunia homa. Wafumaji wanazirai kwenye mashine, na mto ulipoingia humu ndani haukuuliza nani ana kadi ya chama. Ndiyo maana chumba hiki nakurithisha wewe, pamoja na huo mstari wa tope ukutani unaokufika kifuani, na nakukataza kuupaka rangi.

Nawe, binti yangu, usitabasamu. Beleshi langu liko nyuma ya mlango, ni lako. Linyanyue kwanza, ndipo useme tena "zimeni". Kuna watu wa umri wangu hawajui kazi nyingine, na hiyo mitambo yako ya umeme wa jua haijamgusa bega hata mmoja wao.

Sehemu ya nyumba iliyobaki ni yenu sawasawa, isiuzwe... Nipeni maji. Basi, yatosha.

Kesho ingieni ukumbini pamoja, mkae kiti na kiti, na hoja iwe moja: boila lizimwe, tena lizimwe na walisha moto wenyewe, siku ambayo kila mmoja wao ameshafundishwa mtambo mpya na kushika kazi yake, kwa mkataba uliotiwa saini kabla kaa la mwisho halijapoa. Meneja akikataa, mafundi umeme na walisha moto watoke kwa mlango mmoja, siku moja, saa moja. Akimwita mmoja wenu pembeni, hata kwa chai, aende na mwenziwe.

Dirisha limeingia giza, au ni macho yangu?... Mola awape kifua cha kustahimiliana. Awape watoto wenu hewa... hewa safi, na mto unaokaa mahali pake. Radhi yangu mnayo, nyote wawili, haina sharti.

Lakini mlango huu nimeushika muda mrefu, wanangu, na mikono imechoka, na mimi si mtu wa kuuacha hivi hivi. Sogeeni. La, binti yangu, si wewe peke yako... mngoje kaka yako. Kwa pamoja.

Niguseni bega.