Maziwa ya Jioni

Nilikuwa nakunja mashuka kwenye duka la kufulia, hapa Winson Green ughaibuni, mume wangu Ronald alipopigiwa simu kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wazi na simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia yote. Katibu wa ushirika wa maziwa wa kwao Nandi alisema kura zimelingana, kumi na tisa kwa kumi na tisa. Imebaki ya marehemu baba mkwe, ambayo sasa ni ya Ronald. Ajibu kabla ya saa kumi ya huku: wajenge kiwanda cha jibini, au wasijenge. Wakijenga, kila mwanachama atapeleka maziwa yote, ya asubuhi na ya jioni. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alikuwa ameketi na Maulid wa Unguja, tunayemwita Redio, na Cleopas, mlinzi wa usiku, tunayemwita Askofu kwa kuwa hubariki kila kitu. Chupa ya kahawa ilikuwa katikati yao.

— Sema ndiyo, boss, Cleopas akamwambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni yupi?

— Si hicho kiwanda.

— Askofu, wewe ng'ombe umemwona kwenye pakiti tu, Maulid akasema. Ronald, sikiliza. Jibini la kiwandani lilianza Marekani, miaka mia na sabini na ushei iliyopita. Mzee mmoja fundi, mwanawe kaoa, kahamia shamba lake, jibini hajui. Mzee akamwambia lete maziwa, nichanganye na yangu. Majirani nao wakaleta. Ndiyo asili yake.

— Kumbe kilianza sababu ya mtoto mzembe, Cleopas akasema.

— Kilianza kwa umoja.

— Wapi. Huku kilianza jela. Ukuta wote ule wa gereza hapo juu unadhani ni wa nini? Wafungwa ndio walikuwa wanakoroga.

— Nani kakwambia?

— Lisemwalo lipo.

— Basi na mie nasema kilianza Unguja, wazungu wakaiba mpaka sufuria.

Ronald hakucheka. Aliangalia saa.

— Nyinyi mnacheza. Nikijibu vyovyote, watu kumi na tisa watanilaani.

— Haraka haraka haina baraka, Cleopas akasema. Jibu upesi.

Ndipo akaja Sikuzani, jirani yetu wa Tanga, na kapu lake la nguo. Nikamweleza. Akatua kapu.

— Shemeji, kwenu maziwa ya jioni ni ya nani?

— Ya nyumbani.

— Nyumbani ni nani?

Redio akajimiminia kahawa. Mimi niliishi kule mwaka mzima. Ya asubuhi hupelekwa barabarani kwa mitungi, kuuzwa. Ya jioni hubaki jikoni: watoto wanywe, kibuyu kijazwe, jirani ambaye ng'ombe wake amekauka apewe jagi. Hakuna mwanamume anayeulizia.

— Mpigie dada yako, nikasema. Kule ni jioni, saa hii anakamua.

Jelagat alipokea. Tulisikia maziwa yakipiga ndoo.

— Walikuuliza kuhusu kiwanda? Ronald akasema.

— Waliuliza wenye kadi za ushirika. Mimi sina kadi.

— Wewe unatakaje?

Ndoo ikanyamaza.

— Wachukue ya asubuhi. Ya jioni wasiguse.

Ronald akampigia katibu. Katibu akasema fomu ina ndiyo na hapana, haina nusu.

— Basi andika hapana.

— Wazee watakasirika.

— Wanipigie mimi. Wasiende kwa Jelagat.

— Umeua kiwanda, Cleopas akamwambia.

— Najua.

Jioni nilisonga ugali, nikamwita Sikuzani pia. Simu ya Ronald ililia mara nne kabla sijamaliza mboga ya sukuma, na kila mara alipokea. Nilipopakua aliiweka kifudifudi. Nikahesabu mezani: watoto wetu watatu, baba yao, Sikuzani, mimi. Wote wapo.